Mtani Wangu Aliniita Mwizi, Leo Nimenyimwa Gobore la Baba

(Aliyetuletea kisa hiki ametuomba tusitaje jina lake wala mtaa anaokaa, nasi tumemstiri. Maneno ni yake mwenyewe.)

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na moja, Mzaramo, nina mke na watoto, nauza nazi sokoni Kariakoo. Ukurasa huu huwa nausoma kwa kuazima gazeti la jirani, na sikufichi, nilikuwa nawacheka wanaoleta shida zao humu. Leo zamu yangu. Nicheke, lakini ukimaliza unijibu.

Baba yangu alifariki mwaka jana kijijini kwetu, upande wa Kisarawe. Aliacha shamba la mihogo na mahindi, na gobore lake, bunduki ya zamani ya kushindilia baruti. Tangu tuhamishiwe kwenye kijiji cha ujamaa, nyumba ziko huku na mashamba yako kule, ukingoni mwa msitu, na nguruwe wa kule hawana adabu. Wakipita shambani, asubuhi unakuta mashimo tu. Gobore la baba ndilo lililokuwa likiwafukuza, kwetu na kwa majirani. Alipokufa, polisi wakalichukua walitunze mpaka mrithi apate kibali. Mrithi ni mimi, maana waliobaki ni dada zangu. Wakati nahangaika na kibali, mama yangu, mzee vile, analala dunguni kule shambani, juu ya kijukwaa cha kulindia mazao, akipiga debe kufukuza nguruwe. Mwezi uliopita alianguka kutoka juu ya lile dungu akavunjika mkono. Bado anapanda, debe analipiga kwa mkono wa pili.

Nilikwenda polisi kuomba kibali kifua mbele. Mahakamani sijawahi kusimama hata kama shahidi. Balozi wangu wa nyumba kumi alinisifia mpaka nikaona haya. Afisa akapekua majalada yake, akanitazama.

"Wewe uliwahi kukamatwa. Wizi wa baiskeli."

Wallahi nilicheka. Nikamwambia, "Afande, ule ulikuwa utani!"

Hakucheka. Basi ngoja nikueleze, huenda wewe utanielewa.

Miaka mingi nyuma alifariki mzee mmoja Mnyamwezi, jirani yetu, baba yake rafiki yangu Maganga. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Kwenye msiba wao sisi hatukai kimya. Tunachukua kitu cha marehemu, tunamwigiza, tunawachekesha wafiwa mpaka watukomboe kwa chochote. Mimi nikavaa koti la marehemu na kofia yake, nikapanda baiskeli yake, nikazunguka mitaani nikikohoa kama alivyokuwa akikohoa. Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Kufika barabara ya Msimbazi, polisi kijana, mgeni wa mji, akanisimamisha.

"Baiskeli ya nani?"

"Ya maiti," nikamjibu. "Kasema hana haraka nayo."

Nililala ndani. Asubuhi Maganga akaja na waombolezaji wenzake, nikajua yamekwisha. Polisi wa kaunta akamuuliza, unamjua huyu? Na mtani, kama ujuavyo, haachi mpaka naye alipize utani.

"Nimkose vipi?" akasema Maganga. "Ni mwizi huyu! Baba yake mwizi, babu yake mwizi! Lakini nimemsamehe, mfungulie akale ubwabwa."

Tulicheka wote, hata yule wa kaunta alicheka huku anaandika. Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote, mjinga mimi. Sikujua anachoandika ni kwamba mwenye mali amemtambua mwizi na amemsamehe.

Nikamweleza afisa yote hayo. Nikamwambia sikushtakiwa, sikufungwa. Akasema, "Kushtakiwa ni kitu kingine. Kwenye silaha tunatazama hata kukamatwa." Basi nikamleta Maganga mwenyewe. Siku hizi ni mtu mzima mwenye heshima zake, anafanya kazi kwenye shirika la umma. Akaeleza vizuri kabisa, kwa adabu. Afisa akamsikiliza mpaka mwisho.

"Siku ile uliwaambia polisi huyu ni mwizi," akasema. "Leo unasema si mwizi. Siku gani uliidanganya serikali?"

Maganga je? Aseme nini? Akisema siku ile, amewadanganya polisi, na kazi yake anaipenda; akisema leo, mimi nabaki mwizi. Nikamshika mkono tukatoka nje. Sikumlaumu na simlaumu.

Niliporudi peke yangu, afisa alikuwa mpole kidogo. Akasema anayekana hasaidiki, lakini aliyekiri na kujirekebisha anaweza kuombewa. Nikiri kwamba niliiba, nitie sahihi, kisha niende nikakiri mbele ya mkutano wa kijiji, wanakijiji wakubali kunidhamini. Hata hivyo hakuahidi kitu. Na nisipofanya hivyo kabla ya mvua za masika, gobore halirudi tena.

Mkutano wa kijiji! Mama atakuwa amekaa pale mbele, mkono umefungwa. Asikie kwamba mwanawe alimwibia maiti, tena msibani. Nimwambie kwa siri kwamba si kweli? Na majirani je? Baba alizikwa na watu wale wale.

Nilimpelekea Maganga habari hiyo nikidhani atapata la kunitania, maana kwa miaka yote hajawahi kulikosa. Safari hii akasema, "Ukikiri, nami nitaulizwa nyumbani kwetu mbona nimekula na mtu aliyemwibia baba. Lakini mama yako ni mama yako. Fanya unaloona." Tangu siku hiyo tukikutana ananisalimu vizuri tu, habari za nyumbani, watoto hawajambo, anapita. Hanitanii tena. Nami nikijaribu kumtania, ulimi unakuwa mzito.

Mvua zimekaribia na mama hataki kuhamia mjini. Mnaonisoma, hasa nyie mlio na watani, niambieni: nitie sahihi kwamba mimi ni mwizi, au nimwache mama dunguni na mkono mmoja?