Mfumo wa ofisi ulijua gari langu lilipo, mimi haukunijua

Wakuu, salama?

Juzi kuna mwanachuo kaomba humu tumsaidie utafiti wake, eti mifumo ya kompyuta ikiletwa maofisini, utamaduni wa kazi una mchango gani. Maswali yake yamenishinda kujaza. Nitaeleza yaliyonikuta, bila chumvi.

Nilikuwa dereva wa semi, yale malori marefu ya mizigo, kampuni moja hapa Tunduma.

Zamani mratibu wetu, Mama Salma, alikuwa anatupigia simu kila asubuhi. Mtu wa Tanga yule, salamu haziishi. Umeamkaje baba, umekula, mbona sauti hiyo? Ukisema unaumwa, anatuma dereva mwingine akupokee gari. Maana ukiliacha peke yake na mzigo wa watu, kazi huna.

Bosi akaleta mfumo kwenye simu. Kupigiana marufuku, tunapoteza muda. Unabonyeza tu: FOLENI, LIMEVUKA au GARI BOVU.

Kwetu bosi akisema, ni kumpigia makofi tu. Nani angeuliza swali?

Sasa nipo kwenye foleni ya mpaka, hapo eneo linaloitwa Mpemba, tumbo likanishika upande wa kulia. Jamani, niliumwa!

Nikapiga ofisini. Kabla sijamaliza salamu, Mama Salma akaninong'oneza, "Baba, ripoti kwenye mfumo, nitafukuzwa mimi." Akakata.

Niripoti nini? Nilitapika mpaka kesho yake, nikabonyeza GARI BOVU. Ndiyo option pekee iliyokuwa inaleta mtu.

Fundi akaja, akakagua, akawasha, likanguruma vizuri tu.

"Kaka, gari zima hili."

Nikajikunja, nimeshika tumbo. Akaniangalia usoni, akashtuka. "Mayo! Kumbe mbovu ni wewe."

Akanipakia kwenye bajaji mpaka hospitali. Kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka, nikafanyiwa operesheni mara mbili.

Nikiwa bado wodini, ofisi ikapiga. Simu yao ya kwanza tangu mfumo uanze. Mwenzenu nikafurahi! Kumbe naambiwa nimeachishwa kazi kwa taarifa ya uongo, gari halikuwa bovu.

Inauma, wakuu. Hata pole sikupewa.

Mama Salma alikuja kuniona na chupa ya uji, akalia mpaka mimi mgonjwa ndiye nikambembeleza. Nikamuuliza, angalau mfumo wameurekebisha?

Akasema ndiyo, wameongeza kitufe kimoja. DEREVA AMEBADILISHWA.

Kwa hiyo mwanachuo, andika hivi. Sisi hatukuukataa mfumo, na haukuharibika hata siku moja. Ila kama ofisini hakuna anayethubutu kumwambia bosi kuna kitu kakisahau, na mfumo utakisahau hicho hicho. Kwetu kilichosahaulika ni mtu.

Haya, na kwenu kukoje? Mtu akiumwa anabonyeza wapi? Niandikieni, nasoma zote. Niko nyumbani Ndalambo, na jembe bado daktari hajaniruhusu kushika.