Mkono wa Tsultim Juu ya Mchanga

Padma Yangdol alikuwa mpiga picha za harusi na paspoti mjini Leh. Mama yake, magoti yalipomshinda kupanda ngazi za monasteri, alimwambia, "Nenda ukanipigie picha mdogo wako. Miaka miwili sijamwona."

Alimkuta mdogo wake, Tsultim, ukumbini na watawa wenzake watatu, wameinamia mandala, mchoro wao mtakatifu, wakidondosha mchanga wa rangi kidogo kidogo kwa mirija ya shaba. Midomo walikuwa wameifunga vitambaa, pumzi zisije zikapeperusha kazi ya siku tano. Padma akasogea, akasogea tena. Mkanda wa kamera ukaning'inia, ukafuta ua zima la buluu.

Machozi yakamlengalenga. "Nisamehe, mdogo wangu. Nimewaharibia."

Tsultim akashusha kitambaa, akacheka. "Dada nawe! Tangu utoto hupiti mahali bila kuangusha kitu. Usilie, keshokutwa tunaufagia wote, ndiyo desturi, tukaumwage mtoni."

"Kwa hiyo nimewasaidia kazi?"

"Umewahi tu. Haya, sogea, unanizibia mwanga."

Akaanza ua upya, bila haraka. Ndipo Padma akapiga picha moja tu, ya mkono wa mdogo wake ulivyotulia juu ya mchanga.

Mama aliipokea akaisogeza dirishani. "Uso uko wapi?" aliuliza, kisha akaupapasa ule mkono kwa kidole. Mandala hata hakuiulizia.

"Amenenepa kidogo," alisema mwishowe. "Hata hivyo, kesho mpelekee siagi."