Redio Mbili na Lori la Verlyn Kuhlmann

Verlyn Kuhlmann alikuwa fundi wa pampu za maji, zile zinazozungushwa na upepo juu ya minara, katika vilima vya mchanga vya Nebraska, na kwa miaka yote niliyomfahamu sikupata kumsikia akiomba msaada wa mtu. Watu wa huku hawaombi. Mwenye shida huzungumzia kitu kilicho jirani na shida yake, nao wanaomsikiliza humsaidia kwa kitu hicho, kana kwamba shida yenyewe haipo. Ndiyo sababu, katika majira ya machipuko ya mwaka 2005, mji wetu mdogo wa Ansgar ulijadili redio za magari kwa wiki nyingi, na hakuna aliyelitaja jina la Arlys.

Arlys alikuwa mkewe. Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umemwanza miaka michache nyuma, polepole, kama mchanga unavyoingia nyumbani kupitia chini ya mlango. Kwanza zilipotea siku za juma, kisha majina ya wajukuu, kisha njia ya kutoka kanisani hadi nyumbani kwake. Verlyn hakuweza kumwacha peke yake, wala hakuweza kuacha kazi. Ng'ombe huingizwa katika malisho ya kiangazi mwezi wa Mei, na pampu isiyozunguka ni ng'ombe wasio na maji. Basi akamchukua. Kila asubuhi alimpandisha kwenye lori, akamfunga mkanda, akamwekea blanketi magotini, wakaenda pamoja ranchi kwa ranchi. Yeye alipokuwa juu ya mnara akibadilisha gia na kutia mafuta, Arlys alikaa ndani ya lori akisikiliza muziki.

Muziki ndio uliomshika. Wawili hao walikutana katika ukumbi wa dansi, na ingawa Arlys hakukumbuka tena alichokula asubuhi, nyimbo za bendi kubwa za ujana wake alizijua mpaka pumzi ya mpiga tarumbeta. Alipozisikia aliamini yuko ukumbini, akatulia. Ziliponyamaza aliamini dansi imekwisha, na mwanamke mwenye heshima, dansi ikiisha, hurudi nyumbani. Hapo ndipo penye hatari. Redio ya kawaida hufifia kila unaposhuka bondeni. Kanda nazo zina mwisho, na vumbi letu huzitafuna. Siku moja ya Machi kanda iliisha Verlyn akiwa juu ya mnara. Aliposhuka alikuta mlango wa lori u wazi. Alimpata Arlys nyuma ya kilima cha tatu, amevaa viatu vya nyumbani, kiwiko kimechubuka, akitafuta barabara ya kwenda kwa baba yake.

Binti yao, Joleen, niliyemfundisha darasani kabla sijastaafu, alisikia habari hiyo huko Omaha. Hakumlaumu baba yake. Alitafuta chumba katika nyumba nzuri ya kutunzia wazee, akaambiwa kitakuwa tayari mwisho wa Aprili, akampigia simu. "Baba, siwezi kulala," alimwambia. "Niambie ukweli: unaweza kumlinda au huwezi? Kama huwezi, nakuja kumchukua mama."

Verlyn alijibu kwamba angempa jibu kabla ya Aprili kwisha. Kisha akaja mgahawani kwa Myrna, ambako sisi wazee hucheza karata mchana, akaketi, akaagiza supu ya nyama na maharage pamoja na mkate wa mdalasini kama kila mtu, akasema, "Hivi hizi redio za setilaiti, watu wanazionaje?"

Tulielewa wote.

Wakati huo kampuni za redio hizo, kila moja na setilaiti zake na stesheni zake, zilikuwa mbili, zikishindana, na mtu aliyekwisha kununua redio ya upande mmoja aliitetea kama anavyotetea rangi ya trekta lake. Duane Sedlacek, mfugaji mwenye ranchi kaskazini mwa mji, alikuwa wa upande wa kwanza. Orrin Teague, daktari wa mifugo, alikuwa wa pili.

"Chukua kama yangu," alisema Duane. "Ina besiboli kila usiku, na ina stesheni nzima ya bendi za zamani. Nyimbo tupu, usiku na mchana. Hakuna kelele za mtu."

"Ya kwako hunyamaza ukipita nyuma ya fahali aliyenenepa," alisema Orrin. "Setilaiti zenu zimelala kule kusini kama mbwa barazani. Zetu zinapanda mpaka utosini. Muulize mwalimu kama naongopa."

"Mwache mwalimu apumzike. Alikufundisha miaka minne na hesabu bado zikakushinda."

"Zilinishinda, lakini ni mimi ninayemzalisha ng'ombe wako, si yeye."

"Mnataka kahawa au mnataka ngumi?" aliuliza Myrna akipita na birika.

Niliwaeleza nilichokisoma. Setilaiti za kampuni ya Duane zilikaa mahali pamoja juu ya ikweta, hivyo sisi wa kaskazini tuliziona upande wa kusini, si juu sana. Za kampuni ya Orrin zilizunguka kwa zamu na kupita karibu na utosi wetu. Kwa hiyo, nilisema, yafaa zijaribiwe zote mbili, katika lori lilelile na njia zilezile. Duane hakungoja nimalize. Alitoka nje, akaing'oa redio yake na antena yake kutoka katika gari lake mwenyewe, akaviweka mezani mbele ya Verlyn kando ya bakuli la supu.

"Nitakurudishia Jumamosi," alisema Verlyn.

"Nani kakuuliza?"

Verlyn alikuwa mtu wa kazi safi. Redio aliifunga chini ya dashibodi kwa skrubu, na antena, ambayo ilikuwa kijidude cheusi chenye sumaku chini yake, akaibandika juu ya paa la lori, nyuma kabisa, mguuni pa nguzo kubwa ya chuma iliyosimama nyuma yake na kubeba winchi ya kuinulia mabomba. Nilimuuliza kwa nini pale. Akanijibu kwamba pale upepo haufiki na mvua ya mawe haipigi. Mtu aliyepambana na upepo tangu ujana wake hawezi kuweka kitu cha thamani mahali ambapo upepo utakiona.

Siku mbili za mwanzo zilikuwa njema. Arlys aliimba toka mjini hadi mtoni. Kisha mambo yakaharibika. Njiani kuelekea kwa Duane muziki ulikatika, ukarudi, ukakatika tena kabisa, na Verlyn alilazimika kuendesha kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika mkanda wa mkewe aliyekuwa akitafuta kitasa cha mlango. Ilikuwa hivyo tena siku iliyofuata, na nyingine.

"Redio ya Duane inakatika kila tunapokwenda kwa Duane," alituambia.

Orrin alipiga meza kwa furaha. "Umesikia? Hata redio yako haitaki kurudi kwako!"

Duane alicheka, lakini niliona amehuzunika. Alikuwa ametamani iwe yake.

Wiki iliyofuata Verlyn alifunga redio ya Orrin, antena palepale. Hii haikukatika: palipokuwa na mbingu, palikuwa na sauti. Ila stesheni yake ya nyimbo za zamani ilikuwa na mtangazaji mwenye sauti nzito na maneno mengi, na kwa Arlys sauti ya mtu ilikuwa mtu.

"Huyu bwana ni nani?" alimuuliza mumewe. "Mbona humkaribishi?"

"Yuko redioni, mke wangu."

"Asubuhi nzima yuko huko nje kwenye baridi anatuzungumzisha, na wewe unakula mkate wako. Mama yako hakukulea hivyo, Verlyn."

Verlyn alitusimulia hayo kwa utani, nasi tukacheka, kisha hakuna aliyejua pa kutazama. Alasiri moja Arlys aliteremka kutoka kwenye lori akiwa na nusu ya chakula chake mkononi, akatembea malishoni akimtafuta mgeni ampe. Safari hiyo Verlyn alimwona kutoka juu ya mnara. Aliniambia baadaye kwamba hakumbuki aliteremkaje.

Hivyo ndivyo ulinganisho wetu ulivyofikia. Redio moja ilikuwa na nyimbo zake lakini haikudumu. Nyingine ilidumu lakini haikuwa na nyimbo zake. Duane alisisitiza yake irudishwe lorini hata hivyo, na Verlyn akairudisha, lakini kwa uso wa mtu aliyekwisha kuamua. Siku ya mwisho kabla ya kumpigia Joleen alikuja kwa Myrna akiwa na Arlys mwenyewe. Tulimpa kiti cha dirishani. Verlyn aligawiwa karata, akazipanga mkononi bila kuzitazama.

"Nadhani nitamwambia Joleen aje," alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jambo lenyewe mbele yetu. Duane aliinamia kahawa yake. Orrin akasema polepole, "Ni nyumba nzuri, nasikia."

"Nzuri, ndiyo."

Arlys alikuwa akichovya mkate wa mdalasini katika supu. Bila kugeuka alisema, "Wale wanamuziki ni wavivu. Jua likinichoma kisogoni wanaacha kupiga. Likinipiga usoni, wanapiga vizuri tu."

"Ndiyo, mpenzi," alisema Verlyn, kama alivyosema kwa kila kitu siku hizo.

Mimi nimezoea kuyapima maneno ya wanafunzi wasiojua kujieleza, nikajikuta nayarudia kimoyomoyo. Huku kwetu jua la mchana hukaa kusini. Likimchoma kisogoni, lori linakwenda kaskazini. Kwa Duane ni kaskazini.

"Verlyn," nilisema, "mkienda kaskazini, ile nguzo yako ya winchi inakuwa upande gani wa antena?"

Alinitazama. Kisha akaweka karata zake mezani, zikiwa wazi, jambo ambalo meza ile haikupata kuliona, akatoka nje bila kofia. Tulimfuata mpaka dirishani. Alisimama nyuma ya lori akitazama nguzo, akatazama kusini, akatazama nguzo tena. Akaibandua antena, akatembea nayo mpaka mbele, akaibandika juu ya boneti, mahali penye upepo wote wa Nebraska.

"Kumbe!" alisema Orrin. "Setilaiti ziko kusini, na yeye ameiwekea antena gogo la chuma mgongoni."

"Nilikwambia redio yangu ni nzima," alisema Duane, na sauti yake haikuwa ya ushindi hata kidogo. "Nilikwambia, Orrin."

Walikwenda kaskazini saa ileile, Arlys akiwa na mkate mkononi. Walirudi jioni. Verlyn hakuingia, alipunguza mwendo tu mbele ya mgahawa, akateremsha kioo ili tusikie, na tarumbeta zikajaa barabarani.

Hata hivyo alimpigia Joleen, na Joleen alikuja, maana alikuwa ameomba ukweli na alitaka kuuona kwa macho yake. Alishinda nao kazini siku nzima, kiti cha nyuma. Kesho yake alikuja kwa Myrna na wazazi wake, akaketi karibu nami, akaongea kwa sauti ya chini wakati baba yake akiagiza chakula.

"Mwalimu, kuna mahali bado inakatika. Pale barabara inapopita chini ya kilima kirefu, kilima kikiwa kusini."

"Najua. Pale hakuna redio ya kampuni hiyo itakayofika."

"Nilijiandaa kumshika mama. Nilikwisha kunyoosha mkono. Baba akaanza kupiga mluzi. Wimbo uleule, palepale ulipokatika. Mama hata hakugeuka. Tulipotoka kivulini bendi ikarudi, na baba alikuwa karibu sawa nayo, amechelewa kidogo tu. Mimi katika maisha yangu sijawahi kumsikia baba akipiga mluzi."

"Amejifunza lini?"

"Nilimuuliza. Ananiambia, 'Ni kipande kifupi tu, binti yangu.'"

Aliinuka, akamwomba Myrna simu. Tuliokuwa mezani tulijifanya tunachanganya karata. "Ndiyo, chumba cha Kuhlmann," tulimsikia akisema. "Hapana, si kwa sasa. Mpeni anayefuata." Verlyn alikuwa amesimama na trei mkononi, supu ikimwagika, na hakuna aliyemwambia.

Verlyn na Arlys walifanya kazi pamoja kiangazi hicho na kilichofuata, na nusu ya kile cha tatu. Nimepata kuona mambo makubwa zaidi yakifanywa na watu wakubwa zaidi, lakini nikitaka kushukuru kwamba niliishi katika vilima hivi, humshukuru Mungu kwa hao: kwa mfugaji aliyekaa majira yale yote bila redio akisema hapendi kelele, kwa daktari aliyeacha kutetea kampuni yake, na kwa fundi aliyejifunza mluzi uzeeni.

Siku ile, Joleen aliporudi kutoka kwenye simu, mama yake alimshika mkono. "Nani amepata chumba?" aliuliza.

"Mtu anayekihitaji, mama."

"Vizuri," alisema Arlys. "Siku hizi vyumba vizuri ni shida kupata." Akamsogezea mkate wake, naye Joleen akaula wote.