Nyumba ya Neema Kule Kigamboni

Mkinicheka, mna haki.

Mke wangu anaishi Dar, chumba kimoja Mbagala. Mimi niko Dodoma, kila mwaka naomba uhamisho na kila mwaka nanyimwa. Mwezi huu akapewa barua ya kuhamia Dar Neema wa ofisini kwetu, ambaye hata hakuomba; ataondoka mwisho wa mwezi. Akapata na nyumba Kigamboni, ina baraza na upepo wa bahari, kodi ya chini. Roho iliniuma mpaka chai ikanishinda.

"Kaka Yona, wewe unaijua pwani," akaniambia. "Nikapange kule?"

Nikamwambia chumvi inakula mabati, maji ya kisima hayanyweki, joto halimpi mtu usingizi, na foleni ya pantoni itamchelewesha kazini kila siku. Akanywea. "Basi naiacha."

Nikazunguka nyuma ya ofisi, nikampigia dalali wake, maana namba alinipa Neema mwenyewe nimsaidie kuuliza.

"Ile nyumba naichukua mimi. Mke wangu anahamia Jumamosi."

"Maji yana chumvi kidogo, bosi."

"Chumvi si kitu. Upepo kama ule nitaupata wapi?"

"Sawa, ila kuna dada alitangulia. Subiri nimuunge hapa kwenye simu, aseme mwenyewe kama ameiacha."

Kabla sijakata, simu ikaita ndani ya ofisi. Sauti ya Neema ikanifikia mara mbili, sikioni na dirishani.

"Dada, kuna kaka anaitaka ile nyumba," dalali akasema. "Anasema chumvi si kitu."

Pazia likafunguka. Neema akanitazama, simu sikioni.

"Muulize," akasema taratibu, "na mabati je?"