Mkwe wa Kuazima wa Kilibula

Katika mtaa wa Kilibula hapakuwa na mtu aliyeijua meli kama Mama Apolline, ingawa hakuwahi kuipanda. Meli ilipochelewa kufika Kalundu, bandari ya ziwani, yeye alikula. Ilipowahi, alifunga mkanda. Wasafiri walioshuka na kamiyo ya mizigo kutoka Bukavu kuingoja meli walikuta hoteli ya mjini ni ya Wazungu, wakaelekezwa kwake. Walilala juu ya mikeka yake, wakalipa, wakaenda zao. Tangu mumewe afariki, nyumba hiyo ya matofali mabichi ndiyo iliyomlisha.

Aliyelala bure alikuwa mmoja tu: Thaddée, mdogo wa marehemu. Alikuja mwanzoni mwa mvua kutafuta kazi bandarini, akachukua chumba chenye dirisha, na kiangazi kikamkuta bado anaitafuta kazi akiwa kitandani. Apolline hakuweza kumtoa. Ukoo mzima ungemjia juu. Basi alimpikia, na Thaddée akamshukuru kwa kumwambia kila siku kwamba dagaa zake za ndakala zimezidi chumvi.

Ndipo amri mpya iliposomwa sokoni. Kila anayelaza wageni kwa malipo sharti awe na ruhusa ya teritware, ofisi ya serikali, na alipe kodi. Ajenti wa serikali atapita nyumba kwa nyumba kukagua. Anayelaza jamaa zake hahusiki. Anayelaza wageni bila ruhusa, mlango wake utatiwa kufuli.

Kwenda kuomba ruhusa Apolline hakuthubutu, kwa maana watu walisema nyumba ya matofali mabichi haipewi. Katika amri yote akashika neno moja, jamaa, na akaamua kwamba mpaka ajenti apite, kila aliye chini ya paa lake atakuwa jamaa.

Wiki hiyo wageni walikuwa wawili. Jean-Berchmans, fundi mwashi aliyekulia katika kambi ya wafanyakazi Bukavu, alifanywa mtoto wa dada yake bila shida. Wa pili, Nyandwi, alikuwa mkulima wa Runingu, na Kirundi kilisikika katika kila neno la Kiswahili chake. Huyo asingeweza kuwa ndugu wa damu. Lakini Célestine, binti ya Apolline, alikuwa ameolewa huko huko Runingu, kwa hiyo Nyandwi akawa mume wa Célestine. Aliipokea ndoa hiyo kwa moyo mweupe, hasa alipoambiwa kwamba wakwe hawalipi.

Walijifunza kwa bidii. Apolline aliuliza majina ya wajukuu, Nyandwi akayataja. Aliuliza kaburi la marehemu liko wapi, Nyandwi akaelekeza kwa kidole. Alijua hata jino la mtoto mdogo, Spès, lilivyochelewa kuota. Jean-Berchmans, aliyekuwa akisikiliza, alisema kwamba baba mzazi mwenyewe asingeweza kujibu vizuri hivyo.

Ajenti akaja, Mzungu kijana mwenye mkoba mkubwa, akifuatana na karani wake Ildephonse, Muvira, mwenyeji wa pwani hiyo hiyo ya ziwa, aliyevaa soksi ndefu nyeupe. Apolline alikuwa amefikiri sana jinsi ya kuuthibitisha undugu, na akaona hakuna ushahidi unaopita chakula. Walimkuta uani ameketi uso kwa uso na Nyandwi, kati yao sahani moja ya bugali na ndakala, akimmegea. Mzungu alitabasamu. Akasema ni familia, akaanza kufunga mkoba.

Ildephonse hakusogea.

“Mama, huyu ni nani wako?”

“Mukwe wangu. Bwana ya Célestine.”

“Na weye unakula naye sahani moja, anakutazama mu macho?”

Mkono wa Nyandwi ukasimama njiani. Pwani ile yote, hadi uwanda wa Ruzizi, mwanaume akikutana na mama mkwe njiani huingia majanini; kula mbele yake ni jambo la kichaa. Apolline alilijua hilo kama jina lake. Nyandwi naye alikuwa na mama mkwe wa kweli, ambaye yeye alimkwepa kwa miaka mingi. Wote wawili walikariri jino la mtoto, wakasahau jambo ambalo hakuna anayehitaji kulikariri. Nyandwi aliinuka, akaenda kujificha nyuma ya jiko kama mkwe aliyelelewa vizuri, ila alichelewa kidogo.

“Apolline,” jirani mmoja akaita kutoka ng'ambo ya ua, “mukwe amesha kushiba?”

Ildephonse alieleza kwa Kifaransa, na maelezo yalichukua muda. Ajenti aliomba arudiwe, kisha akaitazama sahani kama shahidi aliyemsaliti. Kuanzia hapo hakumwamini mtu. Jean-Berchmans akaandikwa mgeni. Thaddée akatokea chumbani akijinyoosha, akasema kwamba yeye ni mdogo wa marehemu na hapa ni kwao. Akaandikwa mgeni.

Apolline alisubiri kufuli. Lakini ajenti alikuwa amezunguka Kilibula tangu asubuhi akikuta jamaa watupu, mtaa mzima ukoo mmoja, na biro ya teritware ilimtaka alete nyumba zinazolipa. Nyumba iliyofungwa hailipi. Aliyatazama matofali mabichi, akaagiza yapakwe chokaa, akaamuru kibao cha bati cha ruhusa kipigiliwe juu ya mlango. Ildephonse akasoma sharti kwa sauti: anayelala chini ya bati hii hulipa, awe nani, na mwenye nyumba akimlaza mtu bure, ruhusa inafutwa.

Walipoondoka, Thaddée aliuliza chakula kitakuwa tayari saa ngapi. Apolline akanawa mikono taratibu, kisha akamtajia bei ya chumba chenye dirisha.

“Hata minye, shemeji?”

“Si minye ninakukatalia, shemeji. Iko ile bati.”

Thaddée alipata kazi bandarini wiki hiyo hiyo, akahamia huko. Nyandwi alilipa kama wageni wengine, lakini mpaka meli ilipofika alikula nyuma ya jiko, ameupa ua mgongo, na Apolline alimpelekea sahani kwa mkono wa Jean-Berchmans.