Yuditha na Mlinzi Wake

"Isale halikatwi bure, wifi. Sema tu umemkosea nani, tukusindikize kuomba."

Esther alikuwa amekaa barazani kwa kaka yake, anamenya ndizi, na ulimi wake ukimenya pamoja na kisu. Yuditha, mke wa kaka mtu, hakukaa. Uwanja ule alishaufagia mara tatu tangu asubuhi, mpaka kuku wakakata tamaa wakahamia kwa jirani.

"Sijamkosea mtu."

"Umeonekana mpakani mwa shamba unakata. Hilo ni jani la msamaha, si mboga."

Alionekana, ndiyo, maana Esther akiona jambo saa moja, saa mbili linajulikana hadi kwa wazungu wanaopanda mlima kule kileleni. Kabla ya chai, watu watatu walishafika langoni na nyuso za kusamehe. Mmoja alisema yale ya kuku wake wa mwaka juzi yamekwisha, asijisumbue. Yuditha hakujua kama kuku yule alikuwa na mwenyewe.

"Ni la mlinzi," alisema, akaokota jani moja uwanjani, akalitupa, akaliokota tena.

"Mlinzi gani? Nyumba hii hata mbwa haina."

Sasa, habari ya mlinzi ni hii. Miaka minane nyuma, pikapu iliyobeba kina mama na mikungu yao kutoka soko la Mwika iliacha barabara kwenye kona. Mikungu ilibiringika mpaka Himo bila kuuliza njia, na Yuditha akakutwa juu ya mti wa kahawa, amekaa wima kama askofu. Hayo ni ya kucheka. Yasiyochekesha ni kwamba mwenzake aliyekaa kushoto kwake, waliyekuwa wakigawana karanga, hakuamka.

Tangu hapo Yuditha hajapanda gari. Akisikia injini, miguu inakufa ganzi, shingo inakaza, pumzi inapanda na kusahau kushuka. Misiba yote ameiendea kwa mguu, hadi viatu vikaomba likizo. Lakini sasa binti yake Kindness amejifungua huko mjini, mtaa wa Pasua, mtoto ana wiki tatu, na bibi hajamshika. Leo saa nne gari linakuja kumchukua.

Mlinzi aligunduliwa na Violet, mshauri anayepanda kutoka mjini kila Jumatano na kukaa katika chumba cha usharika. Violet hakumwambia asahau. Aliuliza, "Nani anayekushika miguu?" Yuditha akafumba macho, akamwona: Yuditha yule yule, na kanga ya siku ile, amesimama mlangoni na rungu, hajalala miaka minane. Mlinzi huyo akaulizwa anaogopa nini. Akajibu kwa Kichagga, maana huyo Kiswahili hakitaki kabisa, kwamba akitoka pale mlangoni Yuditha atakufa. Nyuma yake alijibanza Yuditha mwingine, mdogo, bado ameshika karanga.

Violet alimfundisha na mambo ya mwili: akanyage udongo peku, kiganja kifuani na kingine tumboni, atoe pumzi polepole huku akiguna kama ng'ombe anayecheua, kisha ajitikise mabega na mikono. Majirani wakasema amepandwa na pepo. Yuditha akawajibu kwamba kuku akimponyoka mwewe hujikung'uta, kisha huendelea kudonoa. Binadamu ndiye hufunga woga wake kwenye kanga akatembea nao.

"Kwa hiyo umejiomba radhi mwenyewe," Esther alisema, alipokwisha kusimuliwa hayo yote. "Haya, nimezeeka, nimeona yote."

"Nimemwomba yeye. Miaka yote namtukana, namwita mwoga, kumbe yuko kazini. Na unajua mwenyewe, mtu akiletewa isale hawezi kukataa."

"Akapokea?"

Yuditha alikwenda mpaka langoni, akachungulia barabara, akarudi.

"Alipokea. Rungu hajaliweka chini."

Esther akamenya ndizi mbili bila neno, jambo ambalo halijapata kutokea Mwika. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, "Na yule wa karanga?"

"Anamtaka mtoto. Ila kila saa ananiuliza tutakaa upande gani."

Kisu kikatua kwenye sinia. "Wifi, siku ile na mimi nilikuwa nipande. Nilichelewa, nasengenya watu pale kwenye pombe ya mbege. Tangu hapo na mimi kuna mmoja, nikinyamaza tu, anaanza kuniambia..."

"Hodi, mama."

Gidioni, mume wa Kindness, alikuwa ameshaingia uwanjani, funguo mkononi. Mbele ya mkwe maneno kama hayo hayasemwi. Esther akainama, akaanza kumenya ndizi iliyokwisha kumenywa.

"Shikamooni."

"Marahaba, baba." Yuditha alivua ndala, akasimama peku, akaguna mara moja, ndefu, na mkwe akatazama pembeni kwa adabu. "Nitakaa mbele. Na mlango usiufunge mpaka nikuambie."