Mkono wa Kushoto wa Swala

Mkitaka kunicheka, chekeni polepole. Mimi ndiye ninayetunza makumbusho ya kambi yetu ya skauti kwenye intaneti. Kambi yenyewe, kule ufukweni, vita viliiacha bila hata kigingi cha hema, na sisi tukatawanyika. Wengine walivuka ziwa hawakurudi. Kwa hiyo kila mtandao ukipatikana hapa Kilibula, naweka picha moja.

Ninayoipenda zaidi ni ya Swala enzi za ujana wake, kiongozi wa kikosi changu. Hilo ni jina la kambini, tulimpa kwa mbio zake. Chini ya picha niliandika: “Sisi skauti tunasalimiana kwa mkono wa kushoto. Swala, popote ulipo, wangu unakungoja.” Wasomaji walilia. Hata mimi nililia, na maneno ni yangu.

Juzi risasi zilipotulia nikaenda sokoni. Mzee mmoja mwembamba akanisimamisha penye ndagala, dagaa wetu wa ziwani, akaninyooshea mkono wa kushoto.

Nikawaka. Vita vimetunyang’anya kila kitu, sasa hata adabu?

“Papa,” nikafoka, mama wauza ndagala wote wakageuka, “kwenu banasalimiaka bantu na mukono ya kushoto?”

Hakuurudisha. Kwa ule wa kulia akatoa simu, akanionyesha: kijana mwenye fulari ya skauti shingoni, na maneno yangu chini yake.

“Kasuku,” akaniita kwa jina langu la kambini, “si weye uliandika mukono yako iko inaningoja?”